Neno Asilolisema Baba

9 Februari

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, ingawa zimechelewa mpaka zimeota kutu. Mpe na shemeji, na watoto wako wote, na umshikie Baba mkono wa kushoto kwa niaba yangu. Mimi mzima. Meza yangu ya kuandikia inayumba, nimeweka karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja, na kila ninapoitazama naona aibu. Mtoto wa seremala anayetuliza meza kwa karatasi! Usimwambie Mzee.

Mwaka huu nimepewa kazi ya kuwafundisha vijana wanaojiandaa kuwa watawa. Tunasoma habari za waalimu wa mwanzo wa Kanisa, wale walioandika miaka mia moja au mia mbili hivi baada ya mitume. Watu hao walikuwa na jambo lililowakalia kooni. Waliamini kwamba kabla ya chochote kuwako, Neno lilikuwako kwa Mungu, na kwamba dunia yote ilifanyika kwa hilo Neno. Basi wapo waliowabeza: neno ni nini kama si hewa iliyopigwa na ulimi, ikaingia sikioni na kupotea? Kitu chepesi namna hiyo kitaumbaje mlima?

Wanafunzi wangu nao waliuliza hivyo hivyo. Nilipotafuta mfano, nikamkumbuka Baba karakanani. Msumeno ukiunguruma hakuna aliyesikia mtu, ndiyo maana alisema nasi kwa kugonga benchi. Mara moja, lete. Mara mbili, simama. Mara tatu, imekaa sawa. Nikawaambia kwamba neno ni lile lililomo moyoni mwa anayelisema, na mlio ni nguo tu linayovaa likitoka nje. Walielewa, au walinihurumia.

Sasa lile lililonifanya niandike. Mwisho wa Juni natakiwa kuweka nadhiri za daima. Baada ya hapo sina mke, sina mtoto, na karakana si yangu tena. Unakumbuka siku niliyoondoka. Baba alizima msumeno ili nimsikie vizuri, akasema, "Mwanangu wa kiume amekufa leo," halafu akauwasha tena. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kinywani mwake, na sasa kiharusi kimemfunga ulimi. Dada, siwezi kusimama mbele ya altare nikiwa maiti.

Naomba umuulize. Chagua saa ambayo ametulia, umwambie mwanawe anaomba baraka yake. Uliniandikia kwamba bado anaweza kugonga kwa mkono wa kushoto. Akigonga mara tatu, nitaweka nadhiri. Akigonga mara mbili, nitasimama, nitarudi nyumbani. Ningekuja mwenyewe, ila ratiba ya masomo imenibana kweli kweli.

Mdogo wako,
Kitindamimba

2 Machi

Kitindamimba,

Salamu zako zimefika na kutu yake. Nimezipiga msasa, sasa zinang'aa, na kila mtu hapa amepewa sehemu yake. Shemeji yako mgongo unamsumbua. Daktari alimwambia asibebe mbao, na hilo ndilo agizo pekee la daktari aliloshika tangu nimjue. Watoto wazima, wanakula kama mchwa.

Baba nimemhamishia chumba cha mbele, kile kinachopakana na karakana, kwa sababu kule nyuma alikuwa akinuna. Hapa anasikia msumeno na mchana kutwa anaangalia mlango. Mkono wa kulia haujarudi. Ulimi nao ni vilevile: anafungua kinywa, unaona kabisa neno limefika mlangoni, halafu linarudi ndani. Nikimaliza kumlisha hugonga mkono wa kiti mara mbili, yaani nisimame, ameshiba.

Karakana ina kazi. Tumepata milango ya zahanati. Wateja wapya wakiingia wanauliza fundi yuko wapi, huku wananiona nimeshika patasi na nywele zimejaa vumbi la mbao. Huwaambia ametoka kidogo, waache kipimo. Wakija kuchukua mzigo wao wanamsifu sana huyo fundi.

Swali lako nilimuuliza Jumapili, nilipokuwa namnyoa. Aligonga mara tatu.

Haya, umeridhika? Sasa nikwambie kuhusu hiyo milango, maana imenitoa jasho. Mbao zililetwa mbichi, nikazirudisha, zikaletwa nyingine mbichi zaidi, na yule muuza mbao ananiambia ati zitakaukia mlangoni. Bawaba zenyewe ni nyepesi, nimelazimika kuweka tatu tatu. Mlango wa chumba cha sindano ndio mpana kuliko yote, sijui kwa nini, labda watu huingia kawaida na kutoka wamevimba. Nitakuandikia ukikamilika.

Dada yako

20 Machi

Dada mpendwa sana,

Wasalimu wote, na leo salamu zangu hazina kutu hata kidogo. Barua yako niliipokea kwenye korido. Nilipofika kwenye ule mstari niliketi palepale chini, watu wakawa wananiruka. Nililia, dada. Bruda mpishi akadhani nimepata msiba, akaniletea maji.

Mstari mmoja tu, katikati ya kunyoa ndevu na mbao mbichi! Ni wewe tu unayeweza kuandika hivyo.

Nikwambie nilichofundisha siku ile ile, maana kilinijia chenyewe. Yupo mwalimu mmoja wa zamani aliyesema hivi, kwa maneno yangu: fundi akichukua mbao zilizokuwapo akatengeneza mlango, ni sawa, lakini ukuu wake una mpaka, kwa kuwa bila mbao hana la kufanya. Mungu hakuwa na mbao. Hapakuwa na kitu mahali popote. Alisema tu, na kilichosemwa kikawako. Waswahili nao wana lao, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikawaambia vijana kwamba mimi mwenyewe nimeshuhudia. Mwana alikuwa amekufa, Baba akagonga mara tatu, mwana akawako. Nilimsimulia pia Mkuu wa nyumba yetu. Alifurahi mno, anasema ataitumia katika mahubiri ya siku ya nadhiri.

Jambo moja sikukuambia. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa ya kuja mwezi ujao. Nilikuwa nashindana na hofu, kwa hiyo nilinyamaza ili nisije nikakuahidi nikashindwa. Sasa hiyo nafasi nimemwachia mwenzangu ambaye mama yake anaumwa. Mimi sina haraka tena. Baba ameshasema. Nitakuja baada ya nadhiri, nije kumshukuru kwa raha zangu.

Ubarikiwe, wewe na mikono yako.

Kitindamimba (aliye hai)

17 Aprili

Kitindamimba,

Salamu. Shemeji anakusalimu, watoto pia. Milango imekamilika.

Kwa nini umempa mtu nafasi yako? Nani alikwambia huna haraka? Mimi sikuandika hivyo. Baba alikuwa na kifua wiki mbili hizi, kakohoa mpaka nikadhani anatuaga. Amepata nafuu ila amekonda, shati linaning'inia kama liko kwenye kamba. Bado anaangalia mlango. Mtu akiingia hugeuza kichwa haraka, halafu akishaona ni nani anakirudisha polepole.

Mwambie huyo mwenzako akurudishie ruhusa yako. Ama omba nyingine. Njoo kabla ya hizo nadhiri, hata kwa siku moja, umuone Mzee na yeye akuone. Usiniulize kwa nini. Mimi sikusoma vitabu vyako vya watu wa kale, sijui kupanga hoja. Nakwambia njoo.

Na hiyo habari ya kugonga, kwani lazima kila mtu asimuliwe?

Dada yako

30 Aprili

Dada mpendwa,

Pole kwa kumuuguza Baba, na pole kwa hofu uliyoipata peke yako. Nimemwombea kila asubuhi. Kwa bahati mbaya mwenzangu alikuwa ameshaondoka barua yako ilipofika, na ruhusa nyingine haipatikani hivi karibuni. Kuanzia katikati ya Juni tunaingia mafungo ya kimya, kisha nadhiri.

Barua yako imeniacha na maswali. Unaandika kama mtu aliyekalia mwiba. Shemeji hajambo kweli? Kazi ipo? Au ni mimi niliyekukwaza?

Usihofu kwamba Baba hajaniona. Nimekuwa nikisoma waalimu wale tena, na wapo waliosema jambo linalonituliza. Walisema Neno lilikuwa kwanza ndani ya Mungu, kama wazo moyoni, halafu Mungu akalitamka ili aumbe. Lakini alipolitamka hakubaki mtupu. Walitoa mfano wa moto: ukiwasha kuni kwa moto wa jirani, moto wa jirani haupungui. Kwa hiyo anayesema yumo katika neno lake, hata akiwa mbali. Baba yumo katika ile mara tatu. Nikiikumbuka, naye nimemuona. Vijana wangu wameipenda sana habari hiyo, siku hizi nikiwauliza kama wameelewa wanagonga madawati mara tatu. Mkuu alipita dirishani akasikia, akagonga naye ukutani.

Niandikie kilicho moyoni mwako, tafadhali.

Kitindamimba

12 Mei

Mdogo wangu,

Leo salamu zitangoja.

Baba hakugonga.

Nilikuwa nimemnyoa shavu moja. Nikaona ametulia, nikasema, "Baba, Kitindamimba anaomba baraka yako, anataka kuweka nadhiri." Akanitazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mkono wa kiti, haukusogea. Nikarudia kwa sauti, ungedhani nasema na kiziwi. Akafumba macho. Nilisimama na wembe mpaka povu likakauka kwenye lile shavu lingine. Hakugonga mara tatu, hakugonga mara mbili, hakugonga hata ile moja. Basi nikamalizia kunyoa, na jioni nikakuandikia uliyoyasoma.

Nilikuhurumia. Niliona umekaa huko miaka yote na lile neno la msumeno kifuani, nikasema si kitu, mstari mmoja tu utakuponya, na Baba mwenyewe hatajua. Nilidhani nimekupa dawa. Kumbe wewe ukaifanya mafundisho, ukampa Mkuu, ukawapa na watoto wa watu wagonge madawati. Kila barua yako ikifika naogopa kuifungua. Ulisema Mungu aliumba bila mbao. Na mimi nimefanya hivyo hivyo, nimesema neno ambalo nyuma yake hapakuwa na kitu, na tazama lilivyoumba. Limeumba mtawa. Limeumba mtu asiyekuja kumuona baba yake mgonjwa, maana anajua ameshasamehewa. Hilo la mwisho ndilo linalonila. Ungekuja Aprili. Kama ningekuandikia kwamba alinyamaza, ungekuja.

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejikwaa kalamu, na sijui kama kuna aliyewahi kuitungia methali.

Usiweke nadhiri kwa neno langu. Njoo umuulize mwenyewe. Na unijibu haraka, hata kama ni matusi.

Dada yako

23 Juni

Mdogo wangu,

Hujajibu. Najiambia kwamba mmeingia kwenye kimya chenu na barua zimewekwa mahali mpaka mtoke. Sijui kama hivyo ndivyo mnavyofanya. Naandika tena nisije nikakaa bure.

Baba ameanza kufundishwa kusema. Mama mmoja wa hospitali anakuja na kioo kidogo, anamshikisha mbele ya uso, anamwambia aangalie midomo yake. Mzee anachukia kioo. Anachukia na yule mama, lakini siku yake ikifika anataka avalishwe shati safi.

Nimemwambia nilichofanya. Niliona haifai wewe ujue na yeye asijue. Nilipiga magoti mbele ya kiti, nikamweleza yote mpaka ile habari ya mahubiri. Akanyanyua mkono wa kushoto, ukanishukia kichwani kwa nguvu. Mpaka leo sijui kama alinipiga au alinibariki, maana mkono ule hauna kipimo. Niliumwa kichwa hadi kesho yake.

Nijibu.

Dada yako

11 Julai

Dada yangu,

Wasalimu wote. Naomba usiisome barua hii mbele ya Baba.

Barua yako ya Mei ilinifika kabla ya mafungo. Ilinifika mapema, nikiwa na nafasi ya kutosha ya kusimamisha kila kitu. Niliisoma ghalani, katikati ya magunia, nikaikunja nikaiweka mfukoni mwa kanzu. Nikajiambia nitamwona Mkuu baada ya chakula. Baada ya chakula nikajiambia kesho. Halafu tukaingia kimya, nikajiambia kwamba sasa hairuhusiwi kusema. Nilishukuru kwa sheria ile, dada. Sijawahi kuipenda sheria yoyote namna ile.

Siku ya nadhiri Mkuu alihubiri kama alivyoahidi. Aliwasimulia watu habari za baba seremala aliyefungwa ulimi, akagonga mimbari mara tatu. Watu wakafuta machozi. Mimi niliinamisha kichwa, na mama mmoja akaniambia baadaye kwamba hajapata kuona mtawa mnyenyekevu kama mimi. Barua yako ilikuwa mfukoni. Niliitwa, nikasimama, nikasema "ndiyo" kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma kabisa. Ilikuwa hewa tu iliyopigwa na ulimi, ile ile waliyoibeza wapinzani wa zamani.

Nimefundisha miezi mingi kwamba kwa Mungu hakuna nafasi kati ya lile la moyoni na lile la kinywani, ndiyo maana Neno lake linaweza kubeba dunia na isianguke. Nilisema vizuri sana, vijana walinakili. Sasa nikiingia darasani na wakagonga madawati, natamani kutoka kupitia dirishani.

Usichukue hatia yangu uiongeze juu ya yako. Wewe ulidanganya kwa mstari mmoja. Mimi niliujua ukweli nikauvika kanzu. Na hilo la Aprili unalosema linakutafuna, nisikilize: nilipompa mwenzangu ile nafasi, nilifurahi. Nilikuwa nimepata sababu nzuri ya kutokuja. Hata swali lenyewe nilikutuma wewe kwa kuwa niliogopa kumtazama Mzee usoni akiwa hawezi kunifukuza. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo usiniambie.

Hapa bado sijamwambia mtu.

Mdogo wako

2 Agosti

Kitindamimba,

Nilisoma barua yako nikaichana. Halafu nikaokota vipande nikavibandika kwa gundi ya mbao, kwa hiyo sasa ni ngumu kama kigae na haikunjiki. Nilikasirika mpaka nikaharibu fremu ya dirisha. Mimi nakesha na hatia, nadhani nimekupoteza, kumbe wewe unatembea na barua yangu mfukoni na watu wanafuta machozi kwa ajili yako! Siku ile ningekuwa karibu ningekuchapa na ubao.

Lakini hasira ilipopoa niliona sina haki ya kukurushia ubao. Nami sikukuambia yote. Niliandika kwamba nilikuhurumia. Ni kweli, ila huruma ilikuwa nusu. Nusu nyingine ni hii.

Unalikumbuka benchi kubwa, lile Baba alilolitengeneza kwa kimo chako ulipomaliza shule. Tangu uondoke nilifanya kazi juu yake nimesimama kwenye kipande cha mbao ili nilifikie. Miaka yote. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama na mimi naitaka karakana. Baba alikuwa akingoja wewe urudi, shemeji alikuwa akingoja wewe urudi, hata wateja. Basi ulipouliza lile swali, nilijua kwamba Mzee akigonga mara mbili utarudi, na benchi ni lako. Aliponyamaza nikaogopa kwamba hata ukimya utakurudisha. Wiki ile ile niliyokuandikia kwamba amegonga mara tatu, nililipindua benchi nikalikata miguu likafika kimo changu. Baba alikuwa chumba cha mbele. Alisikia msumeno, na anajua mlio wa mbao ngumu. Aligonga ukuta mara mbili. Nikaendelea kukata.

Kwa hiyo yule mwenye kanzu na huyu mwenye randa wamezaliwa tumbo moja.

Sasa habari ya Baba. Amesema. Yule mama wa kioo alikuwa anamhimiza aseme "baba", na Mzee, kwa hasira, akatoa "bado". Wazi kabisa, kwa sauti yake ile ya zamani. Nilidondosha sufuria. Tangu hapo neno lake ni hilo hilo. Umelala vizuri? Bado. Unasikia baridi? Bado. Shemeji alimuuliza kama anamjua, akajibiwa bado, akanuna siku nzima. Yule mama anasema wagonjwa wa namna hii mara nyingi wanapata neno moja na kulitumia kwa kila kitu, tusilipime sana.

Nililipima hata hivyo. Nilimuuliza, "Baba, umenisamehe?" Akasema, "Bado." Nikamuuliza, "Kitindamimba je, umemsamehe?" Akageukia mlango, akauangalia kwa muda, akasema, "Bado." Nikamuuliza kama anataka chai. Akasema bado, akainywa yote.

Sikwambii maana yake. Nimeshawahi kumsemea mara moja.

Dada yako

19 Agosti

Dada mpendwa,

Salamu kwako, kwa shemeji (mwambie asinune, mimi sijapata hata hiyo "bado"), na kwa watoto.

Nimemwambia Mkuu kila kitu. Cha kwanza alichouliza kilikuwa habari ya mahubiri yake, atawaambia nini watu. Baadaye akaona aibu akaomba radhi. Anasema nadhiri nimeiweka mimi, sikuwekewa na Baba, na tutaangalia pamoja kama ina mguu wa kusimamia. Kwa sasa amenipa ruhusa isiyo na tarehe ya mwisho. Vijana nao nimewaambia darasani. Hakuna aliyegonga dawati. Mmoja aliuliza kama sasa somo lile la Neno ni la uongo. Nilimjibu kwamba somo ni la kweli, mwalimu ndiye ambaye hakulifikia. Nilichosema ndicho kilichokuwa moyoni, na ni mara ya kwanza kwa miezi mingi.

Yule mama anaweza kuwa sahihi kwamba ni mlio tu, na nyuma yake hakuna kitu. Ningekuwa darasani ningelibishia hilo mpaka kengele. Huku chumbani kwangu sijui. Najua tu kwamba ni neno la kwanza kutoka kwake tangu lile la msumeno, na kwamba hakulisema kwa mkono wako wala kwa kalamu yako.

Benchi liache lilivyo. Ukinipa kazi nitaifanya nimeinama.

Naondoka Jumatatu. Usimwambie Baba kwamba nakuja, wala usimwandae, wala usimuulize lolote kwa niaba yangu. Nitaingia kwa ule mlango anaouangalia, nimwambie kwa kinywa changu nilichofanya, halafu nimuulize. Akisema bado, nitavuta kiti nikae.

Mdogo wako